Raifo nyepesi ya bei nafuu kwa ajili ya swala: anza na risasi, bunduki baadaye

Wakuu wa Arusha na Moshi mnaotafuta raifo ya kwanza ya kuwindia swala, kabla hamjaenda dukani naomba mnisikilize kidogo. Msianze na bunduki. Mtu anaingia dukani anashika raifo anaona nyepesi, imekaa vizuri mkononi, bei anaimudu, analipa, alafu ndo anakuja kugundua risasi zake hapa mjini hakuna, au zinakuja kwa msimu na kwa bei ya kuumiza. Kwahiyo siku ya kwanza nenda dukani bila kuuliza bunduki kabisa, muulize muuzaji ana risasi gani kwenye shelfu leo, zipi anaagiza mara kwa mara, na boksi moja ni shilingi ngapi. Uliza maduka mawili matatu. Risasi utakayoikuta kote ndo inakuchagulia bunduki.

Mambo ya vibali nayapitia haraka lakini ni lazima. Kumiliki silaha kunasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, unaanzia kwa mtendaji wa eneo lako mpaka polisi, na leseni ya silaha haikupi ruhusa ya kuwinda, ile ya kuwinda unaomba TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, inasema mnyama gani, wangapi na eneo gani. Ndani ya hifadhi za taifa kama Tarangire au Kilimanjaro hakuna kuwinda, Ngorongoro vilevile hakuna. Na kama una ndoto ya nyati, hii ninayoielezea hapa sio yenyewe, nyati anataka risasi yenye kipenyo cha inchi .375 kwenda juu, hiyo ni bunduki nyingine na pesa nyingine.

Sasa kwa nini nyepesi? Kwa sababu kupiga mnyama ukiwa kwenye gari hairuhusiwi, lazima ushuke utembee, na yeyote aliyetembea Simanjiro au Longido saa tano asubuhi jua likiwa limeshachachamaa anajua kilo moja ya ziada begani inavyoongezeka kila kilomita. Raifo za bolti, zile unakoki kwa mkono kila risasi, siku hizi zipo za kilo 2.8 mpaka 3 bila skopu, ile darubini ya kulengea. Ukiweka skopu, ringi zake za kuishikia juu ya bunduki, mkanda na risasi nne unakuta umefika kama kilo 3 na nusu hivi, na hapo bado ni mzigo mtu anaubeba siku nzima bila shida.

Ila wepesi una gharama yake na hapa ndo wengi hawaambiwi. Bunduki nyepesi inapiga teke, yaani inakurudi begani kwa nguvu unapofyatua. Risasi ileile ukiipiga kwenye bunduki ya kilo 4 na ukaipiga kwenye ya kilo 3, nguvu ya teke inaongezeka kama theluthi moja, hiyo ni hesabu ya fizikia tu, haijali wewe ni mbavu kiasi gani. Na mtu anayeogopa teke anafumba macho kabla ya kuvuta triga, anavuta kwa kushtuka, risasi inaenda tumboni kwa swala badala ya kifuani, na mnyama aliyepigwa tumbo anakimbia anaenda kufia mbali kwa maumivu makubwa. Hilo linaniuma kweli, ndo maana nasisitiza uchague risasi unayoweza kuipiga ukiwa umetulia.

Raifo nyingi za bei nafuu zilibuniwa kwa ajili ya kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe, ambaye dume wake mara nyingi anacheza kilo 60 mpaka 130. Swala pala dume wetu ana kilo 50 mpaka 75, swala granti dume anafika 80, pongo naye yupo humohumo. Kwahiyo kinachomtosha yule wa kwao kinatosha na hawa wa kwetu. Tuje kwenye risasi zenyewe: .243 Winchester iliyotoka 1955 ina teke dogo sana na inamlaza swala vizuri, nzuri kwa mtu mwembamba au anayeanza, lakini kwa nyumbu dume mwenye kilo 200 na ushee naiona inabana. 7mm-08 na 6.5 Creedmoor ni tamu mno begani, tatizo linarudi palepale, uwe na uhakika wa kuzipata. .308 Winchester, ya tangu 1952, kwangu ndo chaguo la mtu mwenye bunduki moja tu, inamtosha swala tomi mpaka nyumbu, na teke lake linavumilika hata kwenye bunduki ya kilo 3. .30-06 ni mkongwe wa 1906, ina nguvu zaidi na ukiweka risasi ya greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) unaweza kumkabili hata pofu, ila kwenye bunduki nyepesi itakutwanga bega, usidanganywe na mtu anayekwambia utazoea.

Tuje kwenye bunduki zenyewe. Ruger American ya kizazi cha kwanza ilitoka 2012, ina kama kilo 2.8, bolti yake unainua nyuzi 70 tu kwahiyo mkono haugongi skopu, na triga unaweza kuirekebisha mwenyewe. Savage Axis ina kama kilo 2.9 na ni ya bei ya chini kabisa, mtutu wake unalenga vizuri kuliko bei inavyosema, ila tafuta ile Axis II yenye triga ya kurekebisha maana ya kawaida ni nzito. Hizo mbili huko Marekani zimekuwa zikiuzwa dola 400 mpaka 600 hivi, hapa kwetu ongeza usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Tikka T3x Lite ya Finland iko juu kwa bei, ila bolti yake inateleza kama imepakwa siagi na kama mfuko unaruhusu chukua hiyo, hutajuta. Alafu kuna CZ na Brno za zamani, na Zastava M70 ya Serbia, hizi ni chuma na mbao, imara sana lakini zinaanzia kilo 3.2 na kuendelea, kwahiyo kama mguu ndo usafiri wako zifikirie mara mbili.

Kitako cha plastiki wengi wanakidharau, mimi nakitetea, hakivimbi mvua za masika wala hakipasuki jua la kiangazi. Shida yake ni kulegea kule mbele, chini ya mtutu. Ukiwa dukani chukua karatasi, ipitishe kati ya mtutu na plastiki kutoka mbele mpaka karibu na chemba, pale risasi inapokaa, ipite bila kukwama, alafu bonyeza plastiki kwa kidole uone kama inagusa mtutu kirahisi. Ikigusa, siku ukiegemeza kwenye jiwe au mti shabaha itahama na hutaelewa kwa nini.

Pima pia urefu wa kitako. Hakikisha bunduki haina risasi, uangalie kwa macho na uingize kidole kwenye chemba, kisha weka kitako kwenye kunjo la kiwiko na kidole kifike kwenye triga bila kujinyoosha. Nyingi zimekatwa kwa mabega ya wazungu wakubwa, kitako cha sentimita 35 hivi, mtu mfupi ni bora atafute toleo la compact, yaani lenye kitako kifupi.

Ukinunua ya mkononi, ukague namba za bunduki zifanane na za kwenye karatasi, na kama hazifanani ondoka hapo hapo. Toa bolti uchungulie mtutu kwenye mwanga, michirizi iwe mikali na inayong'aa, kutu yenye vishimo ikatae hata kama bei ni ya kutupa. Angalia na mdomo wa mtutu, pakiwa pamegongwa risasi inatoka vibaya.

Usimalize hela yote kwenye bunduki, tafadhali. Skopu ya bei ya kuchekesha itakuangusha kabla ya raifo yoyote niliyoitaja. 3-9x40, yaani inakuza mara 3 mpaka 9 na lenzi ya mbele ni milimita 40, inatosha kabisa kwa mbuga zetu, nyingi nzuri zina gramu 350 mpaka 450, ile mikubwa ya lenzi ya 50 inakurudishia uzito uliolipia kuuondoa. Na weka pembeni hela ya maboksi mawili matatu ya kufanyia mazoezi, aina moja na uzito mmoja wa risasi, usichanganye.

Kwenye kulenga, .308 ya greni 150 iweke ipige sentimita 4 mpaka 5 juu ya alama kwa mita 100, itakuwa imerudi kwenye alama karibu na mita 180, na ndani ya mita 200 unalenga kifua tu bila hesabu. Mtutu mwembamba unapata moto haraka, piga risasi tatu kisha uache upoe kabisa, la sivyo utakuwa unahangaika kurekebisha skopu wakati tatizo ni joto. Nyumbani fanya mazoezi ya triga bila risasi, dakika chache kila jioni, mdomo wa bunduki ukielekea sehemu salama na risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Na barabara zetu za vumbi zinalegeza skrubu za ringi vibaya mno, kwahiyo beba bisibisi yake, zikaze ukifika kambini, na muombe askari wa wanyamapori mliyeongozana naye akuonyeshe sehemu ya kupiga risasi moja ya kuhakiki kabla hamjaanza kutembea.