Ufunguo wa gari la zamani umepotea Mtwara, nawe uko ughaibuni

Land Rover au Morris yako umeiacha kwa mjomba Mikindani, ufunguo pekee umepotea, na kijana mmoja keshapata hanga ya waya. Mpigie simu asubiri. Gari la umri huo halina chipu. Ufunguo wake ni chuma tu, na chuma huchongwa. Kioo ndicho cha kuogopa. Cha mlangoni kikipasuka humwagika chembechembe, na kinacholingana nacho utakiagiza nje.

Tafuta namba kwanza. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yana herufi, aghlabu FS, na tarakimu tatu zilizogongwa usoni mwa swichi. Mjomba abane simu kwenye kioo, amulike kwa tochi kutoka dirisha la pili, apige picha. Uingereza funguo za FS bado zinauzwa kwa namba, kwa hiyo hapo uliye mbali una nafasi kuliko aliyesimama kando ya gari. Nunua mbili. Aangalie na kitasa cha mlango: kwa miaka yote hiyo huenda kilishabadilishwa, kikawa na namba yake. Funguo mpe anayekuja likizo. Kutoka Dar kifurushi kitapanda basi, kama kilomita 560.

Namba isipoonekana, kazi ni ya fundi wa kuchonga funguo. Huingiza ufunguo usiochongwa, huuzungusha kwa nguvu kidogo, huutoa na kutazama alama zilipokaa, kisha hupiga tupa hapo hapo. Hurudia mpaka kitasa kizunguke. Tatizo ni kwamba huo usiochongwa lazima uwe na mifereji ya gari lako, na mezani kwake zimejaa za Toyota. Mtumie wewe funguo tatu au nne za aina hiyo, maana mmoja huharibika.

Upepo wa bahari nao ni adui. Vibati vya shaba ndani ya kitasa hushikana kwa chumvi, na ufunguo ukilazimishwa hukatikia humo. Apulize mafuta ya kulegeza kutu, asubiri nusu saa, agonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Kikishafunguka, kilainishwe kwa unga wa risasi ya penseli: mafuta yakibaki hunasa vumbi.

Kama kuna kitu cha haraka ndani, kile kioo kidogo cha pembetatu, mbele ya dirisha la mlango, hufunguka kwa kipande chembamba cha plastiki kilichokatwa kwenye dumu, kikisukuma komeo. Raba iloweshwe kwanza kwa maji ya sabuni, maana jua limeikausha. Komeo lenye kitufe cha kubonyeza liachwe. Hanga ipite juu ya fremu ya mlango, kabari ya mbao ikiwa imeviringishwa kitambaa. Ikibanwa kwenye kioo, kioo kimekwenda. (Land Rover ya turubai? Fungua kamba.)

Akishaingia, asiunganishe nyaya. Magari mengi ya tangu miaka ya 1970 hujifunga usukani: injini itawaka, matairi hayakati kona, na kulivuta hivyo ni ajali. Akigusa swichi, betri itolewe kwanza waya ulioshikwa na bodi. Land Rover za kabla ya 1967 huo ni wa chanya.

Fundi mwaminifu ataomba kadi ya gari. Tuma nakala ya kitambulisho chako na barua ya kumruhusu mjomba, yenye namba ya usajili na ya chesisi, kabla fundi hajafungua sanduku la vifaa.