Somo: Jiwe limepiga kioo cha mbele, udai bima au umalizane na fundi?

Wakuu, msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Ile nyota ndogo inayoachwa na kokoto kwenye kioo cha mbele itengenezwe kwa pesa ya mfukoni, tena mapema. Bima iache kwa ajili ya siku ya kubadilisha kioo kizima. Kuna mambo mawili matatu yanayoweza kugeuza hesabu hiyo, ndiyo nataka tuyapitie. Naongelea Tanzania Bara. Wa Kenya na Uingereza nimewajibu huko chini.

Hatua ya 1: Ziba kwanza, wakala wa bima utampigia baadaye

Paki kivulini, futa kwa kitambaa kikavu, bandika kipande cha selotepu safi juu ya nyota. Vumbi na maji vikishaingia mle ndani, resini (gundi ya majimaji ambayo fundi hujazia nyota) haishiki vizuri na alama inabaki na weusi hata baada ya kutengenezwa. Kwa siku hizo achana na kuosha gari kwa mashine ya presha. Na kama gari limeshinda juani, usilielekezee kioo AC ya baridi kali papo hapo: nje kinawaka, ndani kinapoa, ufa unaanza kutembea huku unautazama.

Super glue hapana, jamani. Ikishaganda mle hakuna fundi wa kuitoa.

Hatua ya 2: Jua kama kinatengenezeka

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Kokoto kwa kawaida huvunja kile cha nje tu, ndiyo maana kinatengenezeka. Pitisha ukucha upande wa ndani wa gari. Ukikwama, tabaka la ndani nalo limeumia, hapo ni kubadilisha. Nyota ikiwa kubwa kuliko sarafu ya shilingi 200, au ufa umepita urefu wa kalamu, au umefika ukingoni mwa kioo, usipoteze pesa ya kujaza resini. Iliyo mbele kabisa ya macho ya dereva inajazika, ila huacha kivuli kidogo, na usiku taa za gari linalokuja zinameremeta palepale. Mafundi makini huikataa.

Fundi anayejua kazi utamtambua kwa vifaa. Anafunga kwenye kioo kidaraja chenye miguu ya mpira, ananyonya hewa iliyomo kwenye nyota, ndipo anasukuma resini ndani. Anawasha taa ya UV kuigandisha, kisha anakwangua mabaki kwa wembe hadi kioo kinakuwa laini. Anayedondosha gundi juu na kupangusa kwa kidole, muage kwa heshima.

Hatua ya 3: Soma mkataba wako, siyo stika

Ukiwa na bima ndogo, somo linaishia hapa kwako. Ile hulipa hasara uliyowasababishia wengine, kioo chako hakimo.

Mwenye bima kubwa, ile inayolipa na hasara ya gari lako mwenyewe, atafute vitu vinne kwenye mkataba. Kuna ukomo wa kioo, yaani kiwango cha juu watakacholipa? Unachangia kiasi gani mwenyewe kabla kampuni haijalipa? Dai la kioo pekee linakuondolea punguzo la kutodai (lile unalopunguziwa kwenye ada kwa kumaliza mwaka bila dai) au haliligusi? Na wanataka utumie fundi wao au yeyote? Swali la tatu ndilo linaloamua karibu kila kitu, na ndilo watu hawaulizi. Muulize wakala kwa maandishi, hata WhatsApp. Jibu la mdomo halitakusaidia siku ya kukata bima nyingine.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Huu ni mfano tu, weka namba zako. Gari la milioni 20, ada ya asilimia 3.5 ni 700,000. Ukiwa na punguzo la kutodai la asilimia 20, unaokoa 140,000, na ukihesabu VAT ya asilimia 18 inakuwa 165,200. Kiasi unachochangia kwenye dai tuseme ni 100,000.

Nyota fundi anataka 60,000. Ukidai, mchango wako pekee umeshazidi bei ya kazi. Kampuni haitatoa hata senti na jina lako limeingia kwenye rekodi ya madai bure.

Kioo kizima sasa, tuseme 650,000. Ukidai unatoa 100,000, na mwakani unapoteza punguzo la 165,200. Jumla 265,200. Umeokoa 384,800, hapo dai bila aibu, ndiyo kazi ya bima. Ila kama punguzo lako limepanda kwa miaka kadhaa na dai moja linalirudisha sifuri, hesabu hasara ya miaka yote utakayotumia kulijenga upya, siyo mwaka mmoja.

Na kama mkataba unasema nyota inatengenezwa bila wewe kuchangia na punguzo haliguswi, sahau msimamo wangu wa juu. Dai.

Hatua ya 5: Ukiamua kudai

Toa taarifa kabla fundi hajagusa kitu. Piga picha za karibu na za mbali zinazoonyesha namba ya gari, jaza fomu, subiri idhini. Anayebadilisha kioo halafu ndiyo anapeleka risiti anajitafutia ugomvi.

Mwenye gari lenye kamera nyuma ya kioo, kama Subaru zenye EyeSight tunazoagiza Japani, hakikisha makadirio yana gharama ya kuzipima upya kamera baada ya kioo kipya. Mfumo huo unatumia kamera mbili kukadiria umbali wa gari la mbele, na hauna huruma na kioo cha kubahatisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Tabata: *Mkuu asante kwa somo. Mimi nina bima ndogo, ila jiwe limedondoka kutoka kwenye tipa lisilo na turubai. Bima ya tipa si inanihusu?*

Inakuhusu, mkuu, kama utathibitisha. Unahitaji namba ya tipa, ripoti ya polisi, na picha au shahidi. Mzigo uliodondoka kwa kutofunikwa ni uzembe unaoonekana. Jiwe lililorushwa na tairi kutoka barabarani ni kesi nyingine; kuthibitisha kosa la dereva hapo ni kazi ngumu. Kwa nyota ya elfu 60 mimi nisingezunguka vituo.

Mombasa: *Habari ndugu. Bima yangu ni kubwa, kioo kimewekewa ukomo wa shilingi 50,000 za Kenya, na bei niliyopewa ni 78,000. Watalipa?*

Watalipa hadi 50,000, wewe unaongeza 28,000, labda mkataba uwe na mchango mwingine juu yake. Ukifika kukata upya, omba ukomo upandishwe. Utaongeza ada kidogo. Gari za vioo vya bei kubwa hazifai kuachwa kwenye ukomo wa kawaida.

Leicester, Uingereza: *Kaka, huku nyota inaweza kuniangusha kwenye MOT? Na nikidai, punguzo langu linapotea?*

MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka wa huko, inaangalia eneo linalofutwa na waipa. Katika ukanda wa milimita 290 ulio mbele ya usukani, uharibifu usizidi milimita 10. Sehemu nyingine ya eneo hilo usizidi 40. Kuhusu punguzo, kampuni nyingi za huko haziligusi kwa dai la kioo, na mchango wa kutengeneza huwa mdogo kuliko wa kubadilisha, wengine hawatozi kabisa. Tumia fundi waliyemteua wao, na ukiulizwa madai yako wakati wa kukata bima mpya, litaje.

Mwanza: *Dada hapa. Kampuni wamekataa dai langu la kioo, wanasema ufa ulikuwepo kabla sijakata bima. Picha za ukaguzi wa mwanzo zinaonyesha kizima. Nifanyeje?*

Pole sana dada. Una silaha nzuri mkononi. Waandikie barua ya malalamiko ukiambatisha picha hizo zenye tarehe, uwaombe wajibu kwa maandishi na wataje kifungu wanachokitegemea. Wakigoma, peleka faili lote kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, nao wana dawati la malalamiko. Kioo usikibadilishe bado, maana ndicho ushahidi. Kama huwezi kusubiri, mlete fundi akikague na aandike ripoti kabla hajakitoa.

Mbeya: *Fundi amejaza resini lakini nyota bado naiona nikikaa upande wa abiria. Nimepigwa?*

Hapana mkuu. Resini inazuia ufa usitambae na kurudisha uimara. Kufuta alama kabisa si ahadi ya fundi mkweli. Pitisha ukucha juu: ukiteleza bila kukwama, kazi imefanyika. Ukikwama, mrudie akakujazie tena.