Mkristo wa Jumapili awe mkristo na sokoni, anzia hapa

Ndugu zangu wa Mbeya, nasema hili kwa uchungu kabisa maana tunaimba kwaya Jumapili halafu Jumatatu pale Mwanjelwa mtu anauza viazi kwa debe lililobonyezwa kitako kwa ndani. Anza na kipimo. Debe kama limebonyea ligonge linyooke au litupe, na ukienda kununua kwa mkulima kule Isyonje usimlazimishe lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, gunia kisheria mwisho kilo 100, weka kwenye mzani na yeye mwenyewe aone. Mithali 11:1 iko wazi kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, sasa sadaka inayotoka kwenye faida hiyo unampelekea nani jamani?

Halafu madeni. Ulikopa mbolea ulipe baada ya mavuno, basi lipa kabla hujanunua simu, ukikwama mpigie wewe anayekudai, usingoje akutafute. Na dada wa kazi apate mshahara wake tarehe mliyokubaliana, hili watu wa maombi wengi wanalipuuza.

Uliyempunja mrudie. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8), wewe anza hata na zile kilo ulizomla, mpelekee nyumbani kwake na umwambie ni za nini.