Mtoto ameanza kukaa? Mtayarishie kikapu cha vitu vya nyumbani vya kuchezea

Kuanzia miezi 6 hivi, mtoto anayekaa bila kuegemezwa hana haja kubwa ya njuga ya plastiki. Njuga ina uso mmoja na ladha moja, na sauti yake haibadiliki. Kijiko cha bati ni baridi kikishikwa, kinapata joto kikikaa kiganjani, kinalia kikigonga kifuniko na kinanyamaza kikigonga kitenge. Hayo yote mtoto anayapima kwa mkono na mdomo pamoja, kwa hiyo kila unachompa kihesabu kuwa kitalambwa.

Kikapu kiwe cha mviringo, upana sentimita 30 hadi 35, kina 10 hadi 12, bila mpini. Kikizidi kina, mtoto huegemea ukingo na kukipindua. Pitisha kiganja chako ndani kabla ya kitu chochote: ujiti mmoja uliochomoza unatosha kumchana mdomo.

Anza na vitu 8, baadaye ufike 15. Ukimwaga 30 kwa siku moja atarusharusha tu, hatashika. Jikoni peke yake utapata nusu: mwiko mdogo usiopakwa rangi, kijiko na kikombe cha bati, kifuniko cha sufuria ndogo, limau zima. Limau liondoe mara tu atakapolitoboa, maana maji yake yanawasha macho. Ongeza brashi mpya ya kufulia, dodoki, na gunzi la mahindi lililokauka. Gunzi likilowa mate huota ukungu, basi libadilishe kila baada ya siku chache. Kitenge kikate sentimita 20 kwa 20 na ukipinde kingo zote kwa sindano. Uzi uliochomoka unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukikaba mpaka kivimbe, na wewe usijue analilia nini.

Sasa jiwe, maana hapa mjini Goma mtoto atalikuta tu. Usiokote la uani. Lava ya Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji, iwe ya 2002 au ya 2021, imejaa vitundu vilivyoachwa na gesi ilipokuwa ikipoa, na kingo za vitundu hivyo hukwaruza ulimi na kumeguka chembe nyeusi. Tafuta jiwe lililosuguliwa na mawimbi kando ya Ziwa Kivu, ukubwa wa yai la bata, jepesi. Lisugue kwa brashi na sabuni, lisuuze kwa maji yaliyotibiwa, lianike juani siku nzima, halafu lipanguse kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na weusi, lirudishe ulikolitoa.

Kupima kama kitu ni kidogo mno, chukua bomba la katikati ya karatasi ya chooni, lenye upana wa sentimita 4 hivi. Kinachoingia chote ndani yake kinatolewa: karanga, vizibo vya soda, changarawe, maharagwe, mpaka atimize angalau miaka 3. Haragwe lina ubaya wa ziada, kwamba likiingia puani hunywa unyevu na kuvimba. Usilichokonoe, mpeleke kituo cha afya. Betri ndogo ya duara, ile ya saa na rimoti, ni hatari kuliko vyote: ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2, basi mkimbize hospitali hata kama mtoto anacheka.

Mtoto chini ya mwaka 1 akipaliwa, hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, umpige mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole 2, mara 5. Rudia, na mwingine atafute msaada. Usitie kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona.

Wakati mzuri ni akiwa ameamka na ameshiba. Tandika mkeka mbali na mbabula (jiko la makaa), weka kikapu kati ya miguu yake, kaa hatua moja kando, nyamaza. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu: wanamshika mkono kumwonyesha, wanataja jina la kila kitu, na mtoto anaacha kazi yake kuwatazama wao. Dakika 10 hadi 20 zinatosha. Akigeuza uso au kuanza kulalama, kiondoe.

Miezi 6 utaona anashika kwa kiganja kizima na kuhamisha kitu mkono hadi mkono. Karibu miezi 9 au 10 kidole gumba na cha shahada vinaanza kukutana. Baadaye anaangusha kila kitu makusudi. Si utundu, anajifunza kuachia, jambo gumu kuliko kushika. Lakini mtoto ambaye kabla ya mwaka 1 anatumia mkono mmoja tu, huku mwingine umekunjwa ngumi, aonwe na muuguzi.

Akipita mwaka 1, mwongezee maji: lita 2 kwenye beseni na vikombe 2 vya bati. Yawe yaliyotibiwa, kwa sababu atayanywa, na usimwache hata kidogo. Sentimita chache zinatosha kumzamisha. Akimaliza yatoe palepale, yafulie matambara, bidoni la lita 20 halibebwi bure.

Wakati wa kula mpe tonge la bugali (ugali) lililopoa, kubwa kama yai. Mwanzoni atalikamua mpaka litokee kati ya vidole. Mwache. Siku nyingine atatia gumba katikati, litokee shimo, na hapo weka sombe (majani ya muhogo yaliyopikwa) kidogo pembeni.