Ultrasaundi ya ini kila miezi 6: namna ya kutoikosa ukiwa na VVU na homa ya ini

Ukiwa na VVU na homa ya ini B au C, na daktari amekuweka kwenye uchunguzi wa saratani ya ini, ratiba ni ultrasaundi kila miezi 6, ikiwezekana pamoja na kipimo cha damu cha AFP (protini inayoweza kupanda kukiwa na saratani ya ini). Wengi huacha kwa kuwa hawaumwi. Saratani ya ini haiumi mapema, na VVU kutoonekana kwenye kipimo cha damu pekee hakutoshi kulinda ini.

Funga kipimo na siku ya kuchukua dawa CTC (kliniki ya VVU): anayepewa dawa za miezi 3 apime kila awamu ya pili. Usitoke kliniki bila tarehe kwenye kadi na fomu ya kipimo mkononi, maana bila fomu utarudishwa.

Usile kwa muda wa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo. Gesi tumboni huficha ini. ARV (dawa za VVU) meza kama kawaida, kwa maji.

Kivimbe kikionekana kwenye ini, kikiwa chini ya sentimita 1, hurudiwa kupimwa mapema, miezi 3 hadi 6. Kikifika sentimita 1, ni CT au MRI (picha za kina zaidi), hata AFP ikiwa ya kawaida.

Aliyepona homa ya ini C lakini ana sirosisi (makovu makubwa kwenye ini) anaendelea kupimwa. Na mwenye B asikatishe tenofovir, dawa inayotibu VVU na homa ya ini B: virusi vya B vinaweza kulipuka upya.