Vena ya potali imeziba, na tumbo linatakiwa kupasuliwa: mambo ya kuzingatia kabla

Kinachomnyima usingizi daktari wa upasuaji hapa ni michepuko ya damu kuliko mshipa wenyewe ulioziba. Vena ya potali hukusanya damu ya utumbo na wengu na kuipeleka kwenye ini, takriban robo tatu ya damu yote inayoingia humo. Ikiziba, damu hujitafutia vichochoro. Vimishipa vyembamba kama uzi hutanuka, hujipindapinda na kuzagaa kwenye umio, tumbo, mfuko wa nyongo, hata ndani ya kovu la operesheni ya zamani. Kuta zake ni nyororo, presha ndani ni kubwa. Kisu kikipita, damu inaweza kuchuruzika pande nyingi kwa mpigo. Isitoshe, baadhi ya vichochoro hivyo ndiyo njia iliyobaki. Kikikatwa kimoja, presha ya nyuma yake hupanda.

Kwa hiyo ramani kwanza. Picha ya mwaka juzi haitoshi: ulizia altrasaundi ya Doppler, inayoonyesha damu inavyopita mishipani, au CT (picha za eksirei za kompyuta) yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Kutoa mfuko wa nyongo, kazi ya kawaida kwa wengine, kwa mgonjwa huyu kunaweza kuwa operesheni nzito. Kila kovu ulilonalo litaje, hata la utotoni.

Endoskopia, yaani kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, nayo ifanyike mapema, ili mishipa ya umio iliyovimba ifungwe kwa vipira kabla haijapasuka.

Wengu uliovimba huhifadhi chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa hiyo kipimo cha damu huonyesha chache. Hapa wengi hukosea wakidhani damu hiyo haiwezi kuganda. Inaweza, mtu yuleyule huvuja damu mezani, kisha akapata bonge kwenye mshipa siku chache baadaye. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiache kwa uamuzi wako: uliza isimame siku gani, irudi lini. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zitaje pia, hata kama ulijinunulia mwenyewe.

Damu ya kuongezewa iwe imeshapimwa na kulinganishwa na yako. Wengu ukipangwa kutolewa, chanjo za nimokoka, meningokoka na Hib (bakteria ambao wengu husaidia kupambana nao) zitangulie kwa angalau wiki 2.

Halafu muulize daktari bila haya: lazima tupasue? Njia ya nyongo iliyobanwa, kwa mfano, mara nyingine huzibuliwa kwa kuwekewa mrija kupitia mdomoni. Pengine presha ya vichochoro hivyo ishushwe kwanza kwa kuunganisha mishipa ili damu ipate njia nyingine, na operesheni uliyokuja kuifanya isubiri.