SOMO: Kuchagua masta itakayokusaidia kuingia udaktari Marekani

Wakuu, swali hili linanifikia kila wiki: "GPA yangu ya digrii ni ndogo, nisome masta gani nipate udaktari?" Naliandika mara moja hapa. Nazungumzia Marekani tu, ambako udaktari unasomwa baada ya digrii ya kwanza.

1. Kusanya transkripti zako zote, hata ya chuo ulichosoma kozi moja ukaacha.

2. Piga GPA mbili (wastani wa alama; Marekani juu kabisa ni 4.0): ya jumla, na ya sayansi peke yake (baiolojia, kemia, fizikia, hesabu).

3. Jua kinachokukwamisha. Kama ni MCAT, yaani mtihani wa kuingilia udaktari, masta haiponyi MCAT, rudi kwenye mtihani. Kama alama ziko sawa ila hujawahi kuwa karibu na mgonjwa, tafuta kazi ya CNA (msaidizi wa wauguzi) au ukalimani hospitalini. Masta ni kwa mwenye tatizo la alama.

4. Hapa msome polepole. GPA ya masta HAICHANGANYWI na ya digrii. AMCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya udaktari vinavyotoa shahada ya MD, unaziandika kwenye mistari miwili tofauti. Chukua mtu mwenye krediti 120 na GPA ya 2.9. Akisoma masta ya krediti 30 akapata A tupu, fomu itaonyesha masta 4.0, na digrii palepale 2.9. Chuo kinachochuja kwa 3.0 ya digrii huenda kisiifungue kabisa fomu yake. Mtu huyohuyo akichukua krediti 30 za sayansi za ngazi ya digrii baada ya kuhitimu, akapata A, hesabu inakuwa alama 348 (120 mara 2.9) ongeza 120 (30 mara 4), gawa kwa krediti 150: 3.12. Amevuka. Kwa hiyo aliye chini ya 3.0 aanze na hizo kozi, masta baadaye kama bado inahitajika. Kabla ya kulipa, muulize msajili kozi itaandikwa ngazi gani kwenye transkripti, maana kuna programu zinazojitangaza kuwa za kuinua GPA huku kozi zake zote ni za uzamili. Na anayekwambia kurudia kozi kunafuta alama ya zamani kwa upande wa DO (shahada nyingine ya udaktari Marekani), habari zake zimepitwa: AACOMAS, mfumo wa kuombea vyuo vya DO, waliacha utaratibu huo mwaka 2017.

5. Ukishavuka 3.0, na una krediti nyingi kiasi kwamba wastani hausogei tena, ndipo masta maalumu, zile wanazoita SMP (Special Master's Program), zinapokufaa. Georgetown wanayo, Boston University pia. Katika zile nzuri unasoma masomo ya mwaka wa kwanza wa udaktari na unapimwa pamoja na wanafunzi wa udaktari wenyewe. Ukifanya vizuri, umejibu swali walilokuwa nalo juu yako. Ukipata B- na C, umethibitisha hofu yao, na baada ya hapo sioni kozi ya kukuokoa. Usiingie huku unafanya shifti za usiku.

6. Chagua chuo chenye kitivo chake cha udaktari, kisha uliza kwa barua pepe ili majibu yabaki kwenye maandishi: Je, kitivo kinawaita wanafunzi wa masta kwenye usaili, na kwa masharti gani? Kati ya WOTE walioanza mwaka jana, wangapi wameingia udaktari? Wakikupa asilimia ya "waliohitimu na kuomba", uliza tena.

7. Kalenda. Fomu za AMCAS hufunguliwa Mei. Ukiomba Juni wakati masta inaanza Agosti, unaomba bila alama hata moja ya masta. Maliza mwaka kwanza.

8. Pesa. Kuanzia Julai 1, 2026, mkopaji mpya hapati tena Grad PLUS, mkopo wa serikali uliokuwa ukiziba pengo la ada kwa wanafunzi wa uzamili. Mkopo wa serikali kwa masta unaishia dola 20,500 kwa mwaka. Pengo lililobaki ni mkopo wa benki wenye mdhamini. Mwambieni mjomba ukweli kabla hajasaini.

MASWALI

Kijana wa Dallas: Mkuu sijasoma yote, nina 2.8, MPH (masta ya afya ya jamii) itanisaidia?

Jibu: Hatua ya 4. Ukishaisoma, ujue pia kwamba MPH ni shahada nzuri kwa anayetaka afya ya jamii, ila A ya epidemiolojia haimwonyeshi mtu kwamba unaiweza biokemia.

Mama Neema: Shikamoo kaka. Digrii yangu ni ya UDSM, nipo Ohio na grini kadi. Alama zangu watazihesabuje?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. AMCAS haihesabu alama za vyuo vya nje, kwa hiyo GPA yako ya digrii hapa inaanza upya. Hiyo ni nafasi, itumie. Ukirukia masta utabaki huna GPA ya digrii kabisa, na vyuo vingi vinataka kozi za msingi za sayansi zilizosomwa hapa. Anza na chuo cha jamii (community college) kilicho karibu, malizia chuo cha miaka minne. Masharti ya kila chuo yako kwenye MSAR, orodha ya mtandaoni ya AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani. Niandikie ukipata orodha yako, tutaipitia pamoja.

Dkt. wa Mbagala: Mimi nina MD ya Muhimbili.

Jibu: Daktari, hii si njia yako. Wewe ni ECFMG (wanaothibitisha shahada za madaktari waliosoma nje), USMLE (mitihani ya leseni), kisha residensi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Sehemu ya kwanza ya USMLE, Step 1, tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, weka nguvu Step 2 CK, inayofuata, ambayo bado inatoa alama.

Mzee wa Kazi: Unakatisha watu tamaa. Binamu yangu alisoma masta ya kawaida ya baiolojia akaingia.

Jibu: Hongera zake. Muulize GPA ya digrii ilikuwa ngapi, kisha urudi na jibu hapa. Mtu akikopa kwa ushauri wangu, deni linabaki kwake.

Furaha: Ukalimani unahesabika kweli? Natafsiria wakimbizi wa Kongo kliniki.

Jibu: Ukiwa chumbani na mgonjwa na daktari, vyuo vingi vinaukubali kama uzoefu wa kliniki. Wa simu una uzito mdogo. Andika tarehe na saa kuanzia leo, na kama hujasoma ile kozi ya ukalimani wa tiba ya saa 40, iulizie hospitalini kwako, wengine huwalipia wakalimani wao.

Furaha: Asante kaka, nauliza kesho.